Uliacha chuo Marekani na sasa unataka kuhamia kingine? Anza na namna ulivyotoka

Watu wetu wengi huku Marekani wana hii stori: ulianza chuo, ukasema ngoja nipumzike kidogo, hiyo kidogo ikawa mwaka, ikawa miaka minne, sasa unataka kurudi ila sio pale pale, labda umehama jimbo, labda ada ya kile chuo ilikutoa jasho, labda hutaki tu kukutana na wale watu. Na swali la kwanza kila mtu analouliza ni lile lile, je hili pengo la miaka si litaniharibia? Wengine wanaliogopa mpaka wanashindwa kuaplai kabisa.

Jamani, watu wa udahili wameshaona kila aina ya pengo. Wapo walioenda jeshi, waliozaa, waliouguza wazazi, walioishiwa hela, na wapo waliopiga shifti za usiku kwenye nyumba za wazee huku wanatuma hela nyumbani mpaka wakasahau kama walikuwa wanafunzi. Hilo halimshtui mtu. Kinachoamua kama mambo yatakuwa mepesi au magumu ni siku ile ulivyotoka, yaani fomu gani ulijaza au hukujaza, deni gani uliacha, alama gani zilibaki nyuma yako. Watu wawili wanaweza kukaa nje miaka mitatu, mmoja akaingia chuo kipya kama kawaida na mwenzake akazungushwa mwaka mzima, na ukichunguza unakuta njia zao zilitofautiana kwenye zile wiki za mwisho za kuwa chuoni.

Kutoka kwenyewe kuna aina zake. Nzuri kuliko zote ni kuomba likizo rasmi ya masomo, unajaza fomu, chuo kinakuwekea nafasi yako, mara nyingi semista moja mpaka mwaka. Huyu akitaka kuhama anaenda na jina safi. Ila hapo kuna mtego wengi hawaujui: chuo kinaweza kukwambia uko likizo wakati serikali kuu, kwenye mambo ya mkopo, inakuhesabu umeshaondoka, maana likizo wanayoitambua wao haizidi siku 180 ndani ya miezi 12. Kwa hiyo wewe uko nyumbani unajiona mwanafunzi kumbe barua za mkopo zimeshaanza kuja. Ya pili ni kumaliza semista yako vizuri, matokeo yakatoka, halafu inayofuata hukujisajili tu. Hii haina neno. Ya tatu ni kujitoa katikati ya semista kwa utaratibu, kabla ya tarehe ya mwisho ya kujitoa, na kila somo linaandikwa W, yaani ulijitoa, sio ulifeli. Halafu kuna ya nne ambayo ndo inawamaliza watu, nayo ni kupotea. Yaani mtu kaacha tu kwenda darasani, hakumwambia mtu, hakujaza kitu, anajua ameacha chuo ila chuo hakijui, kwa hiyo mwisho wa semista walimu wanaandika F mstari mzima. Ya tano ni kusimamishwa na chuo chenyewe kwa ajili ya alama au nidhamu, hiyo nitaigusa baadaye.

Tuchukue transkripti, yaani karatasi ya alama zote za chuo, ya mtu wa mfano tuione kwa karibu, maana hapa ndo kila kitu kilipo. Semista ya kwanza masomo manne ya krediti 3 kila moja (krediti ni uzito wa somo), A moja na B tatu. Semista ya pili B tatu na W moja. Semista ya tatu akapotea, F nne. Sasa piga hesabu: A ina pointi 4 na B ina 3, ukizidisha kwa krediti unapata pointi 39 semista ya kwanza, 27 ya pili, 0 ya tatu, jumla 66. Krediti zinazoingia kwenye GPA, yaani wastani wa alama zako, ni 12 na 9 na 12, jumla 33, maana W haihesabiwi. 66 gawa kwa 33 ni 2.00. Sasa huyo huyo mtu, akili ile ile, madarasa yale yale aliyosoma, angejaza ile fomu ya kujitoa zile F nne zingekuwa W nne, na hesabu ingekuwa 66 gawa kwa 21, yaani 3.14. Fomu ya ukurasa mmoja. Mtu wa 2.00 na mtu wa 3.14 hata hawaangalii vyuo vile vile.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabla hujafungua hata apilikesheni moja ni kuingia kwenye akaunti yako ya chuo cha zamani na kupakua transkripti isiyo rasmi, mara nyingi ni bure, ukae nayo chini uisome mpaka mwisho. Angalia krediti ulizojaribu na krediti ulizopata, zimeandikwa tofauti. Angalia kama pameandikwa uko kwenye uangalizi au umesimamishwa. Na kama uliondoka kwa ugonjwa, msiba, au jambo zito ambalo lina ushahidi, uliza ofisi ya msajili kama wanapokea ombi la kujitoa kwa kurudi nyuma, yaani wabadilishe zile F ziwe W ijapokuwa muda umepita. Vyuo vingi vina huo utaratibu japo havitangazi, wanataka barua ya daktari au cheti cha kifo au kitu kama hicho, na vingine vimeweka kikomo cha muda. Sio wote wanaokubaliwa. Lakini ukiangalia ile tofauti ya 2.00 na 3.14 utaona kwa nini inafaa kujaribu hata kama utajaza makaratasi wiki nzima.

Akaunti ikikataa kufunguka au ikikwambia kuna zuio, hapo kuna deni. Na hili deni huwa linawashangaza watu kwa sababu wanasema mimi nilikuwa nalipiwa na FAFSA (ile fomu ya kuombea msaada wa masomo wa serikali kuu), deni limetoka wapi? Limetoka hivi: ukiondoka kabla semista haijafika asilimia 60, chuo kinatakiwa kurudisha serikalini sehemu ya ule msaada ambao unahesabika hujaufanyia kazi, halafu chuo kinakugeukia wewe kwa ada iliyobaki wazi. Mtu alipotea Oktoba, akahama nyumba Novemba, bili ikaenda anwani ya zamani, miaka mitatu baadaye anakuta deni limeshauzwa kwa kampuni ya kukusanya madeni. Zamani chuo kilikuwa kinashika transkripti yako yote mpaka ulipe. Siku hizi mambo yamelegea kidogo, California walipiga marufuku huo mchezo kuanzia 2020, New York wakafuata 2022, na kuanzia Julai 2024 kuna kanuni ya serikali kuu inayokitaka chuo kitoe transkripti kwa zile semista ulizotumia msaada wa serikali na ada yake ikalipwa yote. Maana yake unaweza kudaiwa semista ya tatu lakini ukadai karatasi ya semista mbili za kwanza. Shida ni kwamba chuo unachokwenda kinataka rekodi yote, kwa hiyo mara nyingi bado utakaa mezani upange malipo. Piga simu uongee na mtu, omba ulipe kidogo kidogo, wengi wanakubali kuachia transkripti ukishaanza kulipa.

Na tafadhali usije ukajaribu ule ujanja wa "nitakificha hicho chuo". Ndugu zangu wananiambia hili kabisa bila aibu, nitaaplai kama vile sijawahi kusoma popote. Apilikesheni karibu zote zinakutaka utaje kila chuo ulichojisajili baada ya sekondari, hata kama ulikaa wiki tatu, na unasaini kwamba umesema ukweli. Halafu vyuo vingi sana vinapeleka taarifa za usajili wa wanafunzi National Student Clearinghouse, yaani hifadhi ya taarifa hizo ya nchi nzima, na mkopo wako wa serikali umeandikwa chuo gani ulichukulia, kwa hiyo kujua ni kazi ya dakika chache. Wakikugundua baada ya kukukubali wanafuta, wakikugundua umeshafika mwaka wa mwisho wanaweza kukufukuza. F nne zinaelezeka. Hilo la kuficha halielezeki.

Sasa tuingie kwenye hela, maana nimeona watu wamekubaliwa vizuri kabisa halafu wakakwama hapa. Mikopo ya serikali ina miezi 6 ya kupumua baada ya kushuka chini ya nusu ya masomo, kawaida hiyo ni chini ya krediti 6. Ukikaa nje zaidi ya hapo malipo yanaanza. Ukirudi chuo angalau nusu, malipo yanasimama tena, lakini ile miezi 6 kwa mikopo ya zamani umeshaitumia, ukitoka mara ya pili hakuna kupumua. Usipolipa siku 270 unahesabiwa umeshindwa kulipa, na hapo huwezi kupata msaada wowote mpya wa serikali kuu mpaka ujinasue, njia mojawapo ni kulipa mara 9 kwa wakati ndani ya miezi 10, nyingine ni kuunganisha mikopo yote iwe mmoja mpya. Ona sasa hesabu ya muda ilivyo: mtu anayetaka kuanza Agosti na mkopo wake uko kwenye hali hiyo, akianza kuhangaika Juni ameshachelewa.

Halafu kuna hili sharti wanaliita SAP, yaani chuo kinapima kama unaendelea vizuri kimasomo ndo upate msaada. Kawaida wanaangalia GPA isiwe chini ya 2.0, na uwe umefaulu angalau asilimia 67 ya krediti ulizojaribu. Rudi kwa mtu wetu: alijaribu krediti 36, alipata 21, hiyo ni asilimia 58. Ameanguka. Na hata zile F zingekuwa W bado angeanguka, kwa sababu hapa W inahesabika umejaribu na hukupata. W inakuokoa kwenye GPA, kwenye hela haikuokoi. Kila chuo kinapiga hii hesabu kivyake, wengi wanahesabu krediti za zamani walizozipokea tu, kwa hiyo unaweza kuwa umefungiwa chuo A na ukawa huru chuo B, ndo maana ni vizuri kuuliza ofisi ya fedha ya kule unakokwenda kabla hujajikatia tamaa. Ukifungiwa unakata rufaa, unaandika barua ya nini kilitokea na nini kimebadilika, unaambatanisha ushahidi. Rufaa yenye ushahidi inapita mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Pell Grant, ule msaada wa serikali kuu usiorudishwa, nayo ina ukomo wa maisha, ni sawa na semista 12 za kusoma masomo kamili, na semista uliyofeli imeshakatwa humo humo. Kwa mwaka wa masomo 2025 hadi 2026 kiwango cha juu kabisa ni dola 7,395, kwenye komyuniti koleji nyingi, yaani vile vyuo vya miaka miwili vya ada nafuu, hiyo inalipa ada yote na inabaki ya vitabu. Na kuna habari moja nzuri ya kukaa nje: ukishafika miaka 24 FAFSA inakuhesabu unajitegemea, kipato cha wazazi hakiangaliwi tena. Wapo vijana walioacha wakiwa na 20 kwa sababu baba alionekana ana kipato kizuri kwenye karatasi, kumbe hela yote inaenda Bukavu au Kisii kusomesha wadogo zake, na FAFSA haijui kitu kinaitwa ukoo. Akirudi na 24 anakuta msaada ambao zamani aliunyimwa.

Sasa chuo gani? Hapa wengi wanakimbilia moja kwa moja komyuniti koleji, na mara nyingi ni ushauri sahihi, lakini tumalize hesabu ya mtu wetu kwanza. Ana 66 kwa 33. Akienda komyuniti koleji akasoma mwaka mzima, krediti 30, akapata wastani mzuri wa 3.5, ukijumlisha yote anakuwa na 171 kwa 63, yaani 2.71. Mwaka mzima wa jasho na GPA ya jumla bado iko chini ya 3. Lakini vyuo vingi vina sera kwamba ukirudia somo ulilofeli *pale pale*, alama mpya inachukua nafasi ya ile F kwenye GPA. Akirudi chuo cha zamani semista moja tu, akayarudia yale manne akapata B zote, anakuwa na 102 kwa 33, yaani 3.09. Semista moja dhidi ya mwaka. Najua hamtaki kurudi kule, najua kuna aibu, najua kuna yule advaiza, mshauri wa masomo, aliyekuangalia vile, lakini wakati mwingine njia fupi ya kuhama ni kurudi kwanza. Siku hizi baadhi ya masomo yako onlaini, si lazima hata uonane nao. Ila kabla hujaingia uliza mambo mawili, je sera hiyo ipo na inaruhusu masomo mangapi, na je chuo unachokitaka kinaikubali hiyo GPA au kitapiga hesabu yake upya kwa kuweka F na B zote mbili, maana vingine vinafanya hivyo.

Texas wana sheria yao ya kuanza upya, ukiwa na krediti za miaka 10 au zaidi kwenye vyuo vya umma unaweza kuomba zisiangaliwe kabisa. Inavutia mpaka usome masharti: huchagui, zinafutwa zote, zile A ulizotolea jasho nazo zinakwenda.

Komyuniti koleji inamfaa nani basi? Anayeogopa deni, aliyekaa muda mrefu mpaka hesabu zimemtoka kichwani, na hasa yule anayehitaji alama mpya na mwalimu mpya. Kwa sababu udahili wa mtu anayehama unaangalia sana kazi ya karibuni. F za 2019 zikifuatwa na A na B za 2025 zinasomeka kama mtu aliyekua. F za 2019 zikifuatwa na kimya, msomaji hana cha kushika hata insha iwe tamu vipi. Hata masomo mawili tu ya jioni yanabadilisha hiyo picha.

Lakini mkichagua, chagueni kwa makubaliano ya vyuo kupokeana krediti na sio kwa ukaribu wa basi. Krediti zinapotea, na zinapotea nyingi: ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani, GAO, ilitoa ripoti 2017 ikakadiria kwamba wanafunzi waliohama kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Karibu nusu! Hiyo ni ada imelipwa na usiku umekeshwa. Wanaoponea ni wale wanaofuata njia iliyopangwa. California wana tovuti ya ASSIST inayoonyesha somo gani la koleji gani linakubalika wapi UC na CSU, ile mifumo miwili ya vyuo vikuu vya umma vya jimbo, na UC wanatoa kipaumbele kwa wanaotoka komyuniti koleji za California, unahitaji krediti 60 za semista na kwa mkazi wa jimbo GPA isipungue 2.4, ijapokuwa huko Berkeley na UCLA ukienda na 2.4 unajisumbua tu. Texas ule msingi wa masomo ya jumla wa krediti 42 ukiumaliza unahama kama furushi moja kwenda chuo chochote cha umma. Minnesota wana furushi lao la krediti 40. Florida ukimaliza shahada ya miaka miwili ya AA una uhakika wa nafasi kwenye mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo, ila sio lazima kile unachokiota. Kumaliza furushi ni bora kuliko kubeba vipande.

Kwa mnaotaka unesi, na mko wengi, angalieni umri wa masomo yenu ya sayansi. Programu nyingi za unesi hazipokei anatomia na fiziolojia iliyozidi miaka 5 au 7. Unaweza kuwa na A ya miaka 9 iliyopita na wakakwambia rudia. Haina rufaa ya maana, panga tu kurudia, na ukipanga mapema unaifanya kuwa ile alama mpya niliyoisema.

Kuna pia vyuo vyenye milango maalum kwa waliokaa nje, na watu wetu hawaijui. Columbia wana School of General Studies, ni kwa watu waliokatisha masomo mwaka mmoja au zaidi au waliopita njia isiyo ya kawaida, na wanakaa darasa moja na wale wengine. Yale wana Eli Whitney, hiyo inataka uwe umekaa nje miaka isiyopungua 5. Smith wana Ada Comstock na Mount Holyoke wana Frances Perkins kwa wanawake waliopita umri wa kawaida wa chuo. Humo pengo ndo sifa ya kuingilia. Ni vigumu kuingia, sisemi ni rahisi, na ulizeni habari ya fedha mapema, maana msaada haufanani na ule wa wanafunzi wa kawaida.

Apilikesheni yenyewe, vyuo vingi viko kwenye Common App, ile apilikesheni moja ya mtandaoni ya vyuo vingi, upande wa wanaohama. Wanataka transkripti rasmi kutoka kila chuo, zitumwe na chuo chenyewe. Baadhi wanataka fomu inayojazwa na ofisi ya chuo cha zamani kusema hadhi yako na kama ulikuwa na kesi ya nidhamu, na hii inachelewesha watu kwa sababu hakuna anayekukumbuka kule, itume wiki nyingi kabla. Kama ulisimamishwa, itaonekana hapo, kwa hiyo uandike wewe mwenyewe kwanza kwa maneno yako kabla hawajaisoma kwa mtu mwingine. Na kama una krediti chache, wengi wanaweka mstari kwenye 24 au 30, watataka pia matokeo ya sekondari, yaani KCSE au kidato cha nne na cha sita, kwa hiyo mtu wa Nairobi aanze kufuatilia KNEC na wa Dar afuatilie NECTA mapema, msiniambie cheti kimebaki kwa shangazi Morogoro wakati zimebaki siku tatu.

Barua za mapendekezo ndo zinawapa watu homa. Profesa wa miaka mitano iliyopita alikuwa na wanafunzi 200, hakukumbuki, usikasirike. Mwandikie imeili fupi, mwambie somo gani, semista gani, alama gani, mwekee na kazi uliyomwandikia kama bado unayo. Asipojibu tumia mwalimu wa yale masomo mapya, au bosi wa kazini pale wanaporuhusu, msimamizi aliyekuona ukifundisha wafanyakazi wapya anaweza kuandika barua yenye nyama kuliko profesa asiyekujua sura.

Insha sasa. Usilie humo. Watu wanaandika kurasa mbili za mateso, msiba, ukimbizi, talaka ya wazazi, na unamaliza kusoma hujui mtu anataka kusoma nini. Maelezo ya pengo yakae sentensi chache: baba aliugua stroke Machi, mimi ndo mtoto mkubwa, nikachukua shifti mbili, sikujua kuna fomu ya kujitoa, F zile zimetoka hapo, sasa mdogo wangu amemaliza na anasaidia, mwaka huu nimesoma masomo mawili nimepata A na B. Basi, imetosha, songa mbele kwenye kwa nini uhasibu, kwa nini chuo chao. Na ile kazi ya nyumba za wazee msiifiche kama aibu, iandike kwenye shughuli na saa zake kwa wiki, mtu aliyefanya saa 40 za usiku akasoma mchana ana kitu cha kuonyesha ambacho kijana wa miaka 18 hana.

Kwa wenye visa ya F-1, ile ya mwanafunzi, kila kitu nilichosema kuhusu kupumzika kinabadilika. Hamna ruhusa ya kukaa tu Marekani bila kusoma, ukiacha likizo ya kawaida ya kiangazi au ugonjwa uliothibitishwa na daktari ambao chuo kimeukubali, na huo haupiti miezi 12. Ukijitoa kwa ruhusa ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa unapewa siku 15 uondoke nchini. Ukikaa nje ya nchi zaidi ya miezi 5 unahitaji I-20 mpya, yaani ile fomu ya chuo ya kuombea visa, unalipa tena ile ada ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) dola 350, na saa ya kustahili CPT na OPT, vile vibali vya kazi ya mafunzo, inaanza upya. Ukihama kutoka chuo kwenda chuo rekodi yako inahamishwa na darasa jipya lianze ndani ya miezi 5. Aliyepotea akaenda kufanya kazi ghala la mizigo bila kibali, huyo asitafute ushauri kwa binamu, atafute mwanasheria wa uhamiaji kabla ya chuo, maana njia ya kurudishiwa hadhi inamkataa aliyefanya kazi bila ruhusa.

Na kuna wale mlioanzia chuo nyumbani, Makerere, Dodoma, Moi, mkapata grini kadi mkaja bila kumaliza. Nyie pia ni wanaohama. Transkripti yenu inapitia kwa watathmini kama WES au ECE, chagueni ile tathmini ya somo kwa somo, ile ya jumla haitoi krediti. Msijibadilishie alama wenyewe, kwetu 70 ni A kwenye vyuo vingi na watathmini wanajua, ila mtu anaandika 70 kwenye apilikesheni wanaiona C. Tafuteni na muhtasari wa kila somo, hata ule wa zamani wenye muhuri wa idara, kwa sababu ndo utakaotumika kubishania krediti.

Kubishana kupo, na watu wetu wanakaa kimya kwa heshima. Ukikubaliwa, kabla hujalipa depoziti, omba tathmini ya krediti zako kwa maandishi. Soma safu mbili, zilizokubaliwa, na zilizokubaliwa zikatumika kwenye shahada yako, maana chuo kinaweza kupokea krediti 45 zote halafu 20 kati yake zikaingia kama masomo ya hiari yasiyokupunguzia hata semista moja. Somo lililoachwa, tuma muhtasari kwa mwenyekiti wa idara inayofundisha somo linalofanana nalo, sio kwa advaiza wa jumla, mwenyekiti ndo mwenye kalamu. Somo la takwimu la Moi linalokataliwa Mei kwa jina, Juni likisomwa mada kwa mada linaweza kukubaliwa. Na kama una barua za vyuo viwili, linganisha hizo safu mbili kabla hujalinganisha ada.